Kugeuza simu za zamani za iDEN kuwa redio za upepo

Mtandao wa simu za mkononi wa iDEN, teknolojia ya Motorola, uliokuwa wa kampuni ya Nextel ulizimwa nchini Marekani tarehe 30 Juni 2013, na ule wa huduma ya Mike huko Kanada ukafuata mwaka 2016. Simu zake za Motorola, zile zenye kitufe cha kubonyeza ubavuni, hazina tena mnara wa kuzungumza nao. Hata hivyo baadhi zilitengenezwa na uwezo wa kuongea simu kwa simu bila kupitia popote. Nextel waliuita Direct Talk, na kwenye simu nyingine utaukuta kwa jina la MOTOtalk. Ni kitu kimoja: ukilinganisha chaneli na msimbo, simu ya jina hili itasikilizana na ya jina lile.

Kabla ya kununua, hakikisha mahali utakapozitumia. Direct Talk inarusha kati ya 902 na 928 MHz, na kuruka kutoka masafa hadi masafa mara nyingi kwa sekunde. Katika Marekani na Kanada eneo hilo la masafa liko wazi kwa vifaa vya nguvu ndogo, na mtumiaji hahitaji leseni yake binafsi. Afrika na Ulaya hali ni tofauti kabisa. Huko simu za GSM hutumia 890 hadi 915 MHz kuufikia mnara, kwa hiyo simu ya Direct Talk inaingia katikati ya njia hiyo na kuwavuruga watu wengine, mbali na kuwa kosa la kisheria. Hakuna menyu ya kubadilisha masafa hayo. Kama uko nje ya Marekani na Kanada, tafuta redio za upepo zilizoidhinishwa nchini mwako na uachane na hizi.

Kuchagua simu

Si kila simu ya iDEN ina Direct Talk. Miongoni mwa zilizo nayo ni i325, i335, i355, i365, i560, i580 na i615. Kwa kazi ya nje, i355 na i365 ndizo tunazozipendekeza: ni nene, zina spika yenye sauti kubwa, antena ya kuvuta, na vifuniko vya mpira vya kuzuia vumbi. i580 ni ngumu pia, ila inakunjwa, na bawaba ya simu ya kukunja ndiyo sehemu inayochoka kwanza. Ukiona herufi IS baada ya namba, kama i365IS, hiyo ni ya kutumika penye gesi zinazoweza kulipuka, lakini kinga hiyo ipo tu ikiwa na betri yake maalumu na haijawahi kufunguliwa. Simu ya IS iliyotiwa betri ya kawaida ihesabu kuwa simu ya kawaida.

Unapoikagua, iwashe na ufungue menyu kuu uone kama Direct Talk au MOTOtalk imo. Bonyeza kitufe cha ubavuni mara kumi hivi. Mpira ukiwa umechanika au kitufe kikishika mara moja moja, utakuja kuongea maneno ambayo hayakutoka. Vuta antena hadi mwisho na uone kama inasimama imara bila kuchezacheza.

Kadi ndogo inayowakwamisha wengi

Simu hizi zinadai kadi ya SIM kabla ya kukuruhusu kuingia kwenye menyu. Kadi hiyo haihitaji kuwa hai, na hakuna mtu wa kuilipia, lakini lazima iwe kadi ya iDEN. Laini ya GSM ya siku hizi inaingia vizuri kwenye tundu lake, kisha simu inaikataa. Kwa hiyo unaponunua, sisitiza simu ije na kadi yake. Simu bila kadi inaonekana rahisi hadi uanze kuisaka kadi peke yake. Kama umepata kadi ya simu nyingine na inakataliwa, jaribu iliyotoka kwenye simu ya kipindi hichohicho na ya kampuni ileile, kwa sababu simu nyingi zilifungwa kwa kampuni iliyoziuza.

Ikikuomba namba ya siri ya kadi, ya kiwandani ni 0000. Usibahatishe namba nyingine mfululizo, kwani kadi hujifunga baada ya makosa machache, na hakuna tena huduma kwa wateja ya kuifungua.

Betri

Zote zinatumia betri za lithiamu, na nyingi zimelala miaka mingi bila chaji. Itoe betri uiweke juu ya meza tambarare. Ikiyumba au ikizunguka kama pia, imevimba, na isitumike kabisa. Isiyovimba ipime kwa mita ya volti: betri nzima ina volti kati ya 3.6 na 4.2. Iliyoshuka chini ya 2.5 usijaribu kuifufua, maana shaba ya ndani huanza kuyeyuka na betri inaweza kujiunguza yenyewe wakati wa kuchaji. Zile zinazopita kipimo zichaji mara ya kwanza ukiwa karibu, juu ya kitu kisichoshika moto. Zikishajaa, zitoe kwenye simu, ziache kutwa nzima, pima tena. Iliyoshuka chini ya volti 4.0 bila kutumiwa inavuja ndani na haitakufikisha jioni.

Angalia pia plagi. Simu za mwanzo zina plagi pana ya iDEN peke yake, za baadaye zikaja na mini-USB. Ukikusanya simu sita za aina tatu, unaweza kujikuta na chaja tatu zisizobadilishana. Nunua aina moja.

Kuziandaa

1. Chomeka kadi, weka betri, washa. Simu itatafuta mtandao na kuukosa. Usiiache katika hali hiyo, maana kutafuta mnara usiokuwepo kunakula betri haraka.

2. Fungua menyu kuu, chagua Direct Talk au MOTOtalk, kisha chaguo la kuingia. Subiri sekunde chache hadi skrini ionyeshe chaneli na msimbo.

3. Chagua chaneli, kuanzia 1 hadi 10.

4. Chagua msimbo, kuanzia 1 hadi 15. Ipo pia hali ya kupokea misimbo yote ya chaneli hiyo, na nyingine ya kupokea simu za mtu kwa mtu peke yake.

5. Rudia kwenye kila simu, kisha zijaribu mbili mbili zikiwa umbali wa mita ishirini au zaidi. Zikikaribiana mno spika ya moja inaingia kwenye kipaza sauti cha nyingine na kupiga yowe.

6. Kila unapozima na kuwasha, tazama skrini uhakikishe uko Direct Talk na si kwenye kutafuta mtandao. Hili husahaulika kuliko yote.

Makundi mawili yakiwa eneo moja, yatenganishe kwa chaneli, si kwa msimbo tu. Kila chaneli ina mpangilio wake wa kuruka masafa, ilhali msimbo kazi yake ni kuchagua nani asikie. Ndiyo sababu msimbo hauwezi kuitwa siri. Skana ya kawaida, yaani redio ya kunasa mawasiliano ya wengine, haiwezi kufuatilia mazungumzo haya, lakini mtu yeyote mwenye simu kama yako, akiwa chaneli yako na ameweka kupokea misimbo yote, anakusikia neno kwa neno.

Ili kuongea na mtu mmoja tu, wote wawili muwe chaneli moja, uandike namba yake ya simu yenye tarakimu kumi, kisha ubonyeze kitufe. Namba hiyo imo ndani ya kadi yake, na utaisoma kwenye menyu ya taarifa za mwenye simu. Kadi ambayo haikuwahi kuandikishwa haina namba, na hapo utabaki na kuongea kwa msimbo.

Kuongea

Bonyeza, shikilia, subiri mlio, ndipo uongee. Katika kasekunde hako simu yako inazikusanya nyingine ziruke nayo pamoja. Anayeanza kuongea papo hapo anapoteza neno lake la kwanza, na mara nyingi neno hilo ndilo jina la anayeitwa. Ukisikia mlio wa kukataa, hakuna simu iliyokujibu. Hili ndilo linalozifanya ziwe bora kuliko redio nyingi za bei ndogo, ambazo zinakuacha uongee na hewa bila kujua. Ukiachia kitufe, njia hubaki wazi sekunde chache, basi jibu upesi kabla haijafungwa.

Umbali

Matangazo yalisema hadi maili 6, takriban kilomita 10. Namba hiyo ina asili yake. Upeo wa redio kwa kilomita unakaribia 4.12 mara kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita. Watu wawili wenye antena kwenye mita 1.5 kila mmoja wanapata kilomita 5 na 5, jumla 10. Hiyo ni juu ya ardhi tambarare kama maji yaliyotulia, bila mti wala nyumba, na ni kikomo cha jiometria. Si ahadi kwamba sauti itafika.

Kinachokula umbali kwanza ni nafasi kati yenu. Kwenye masafa haya urefu wa wimbi ni sentimita 33 hivi. Mkiwa kilomita moja mbali, wimbi linahitaji uwazi wa karibu mita 5.5 kuzunguka mstari unaowaunganisha, pale katikati. Watu waliosimama chini hawana nafasi hiyo, ardhi yenyewe inawabana. Panda ghorofa moja, simama juu ya tuta, na utaona tofauti ambayo antena yoyote ya dukani haitakupa. Msitu mbichi na kuta za zege zenye nondo hushusha umbali hadi mita mia chache.

Mwili nao unazuia. Simu ikiwa kiunoni upande wa pili wa mwili, nguvu nyingi inaishia kwako. Ishike mbele ya uso, antena imevutwa yote na imesimama wima, kama ya mwenzako. Moja ikilala na nyingine ikisimama, mnapoteza bila sababu. Kwenye gari, shusha kioo au shuka kabisa.

Zikigoma

Simu ikisikia lakini haisikiki, angalia kitufe na betri kwa pamoja: kurusha kunadai umeme mwingi kwa ghafla, na betri dhaifu hushuka ukibonyeza hata kama skrini inaonyesha imejaa. Simu inayozima kila ukibonyeza ina tatizo hilohilo, au viguso vya betri vina kutu. Visafishe kwa pamba na spiriti. Sauti ikikatikakatika mkiwa karibu, hamia chaneli nyingine, kwani mita za umeme zisizo na waya na vifaa vingine vingi vinatumia masafa hayahayo. Umbali ukiwa mfupi kwa simu moja tu, kopa antena ya simu nzima ya aina ileile ujaribu. Usiunganishe kikuza nguvu: sheria ya Marekani inaweka kikomo cha wati 1, na simu iliyobadilishwa haiko tena ndani ya idhini yake.

Zikimaliza kazi, toa betri, ziache na chaji ya karibu nusu mahali pa baridi na pakavu, na uzipime kila baada ya miezi mitatu. Kadi ziache ndani ya simu zake.