Somo: Kuficha silinda ya shaba isionekane kwa mawimbi ya maikrowevu

Wengi huanza kwa kuuliza ni madini gani "hayaonekani". Hayapo. Kinachofanya kazi hapa ni umbo la vipande vidogo vinavyoizunguka silinda, na umbo huanzia kwenye masafa, yaani mara ngapi wimbi linatetema kwa sekunde.

Tufuate kifaa cha kwanza, cha Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 2006. David Schurig, David Smith na wenzao walitumia hesabu ya John Pendry wa Imperial College London.

Hatua ya 1. Chagua masafa. Wao walichukua gigahezi 8.5, yaani wimbi la milimita 35 hivi.

Hatua ya 2. Panua nukta iwe tundu. Chukua kitambaa kilichofumwa kwa ulegevu, penyeza msumari taratibu: hakuna uzi unaokatika, nyuzi zinasogea pembeni tu. Nyuzi ni njia za wimbi, tundu ni mahali pa silinda. Kwenye karatasi, kila nukta iliyo umbali r kutoka katikati ihamie a + r(b − a)/b. Hapa a ni nusu kipenyo cha tundu, b ni cha ukingo wa nje wa kifuniko. Kwao a ilikuwa mm 27.1, b mm 58.9.

Hatua ya 3. Geuza mchoro uwe tabia ya nyenzo, yaani jinsi inavyoitikia sumaku na umeme wa wimbi. Hesabu kamili ni ngumu kutengeneza, hivyo walitumia njia ya mkato: mwitikio wa sumaku kuelekea katikati ni ((r − a)/r)²: sifuri ukutani ndani, 0.29 hivi ukingoni nje. Mwitikio wa umeme unabaki 3.4 kote. Mkato huu una gharama: uso wa nje unaakisi kidogo.

Hatua ya 4. Hapa usiharakishe. Chapa pete za shaba zenye mwanya kwenye bodi ya saketi, kila moja ndani ya kijumba cha mm 3.3. Hicho ni chini ya sehemu ya kumi ya wimbi, kwa hiyo wimbi halioni pete moja moja. Pete ni koili, mwanya ni kapasita. Badili urefu wa mwanya na mviringo wa kona, mwitikio unabadilika. Walipanga safu 10 kuizunguka silinda, kila safu na umbo lake la pete.

Hatua ya 5. Pima. Kivuli cha silinda kilipungua sana, ila hakikuisha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona masafa mamoja tu?*
Wimbi linalozunguka lina njia ndefu, na lazima liwahi lenzake lililonyooka. Vilele vyake hukimbia kuliko mwanga. Kwa masafa mamoja inawezekana. Ishara yenye habari haiwezi, hivyo ukipanua masafa kivuli kinarudi.

*Shikamoo mwalimu. Aliye ndani anaona nje?*
Marahaba. Haoni. Kifuniko kikiwa kamili, antena ukiiweka humo haipokei kitu kwa masafa hayo, maana wimbi lote limepita pembeni.