Kutambua Aina za Muhogo kwa Alama za DNA

Jina pekee halithibitishi aina ya muhogo, kwa kuwa pingili hupita mkono kwa mkono na kila kijiji huita mbegu kinavyopenda. Muhogo unaoitwa Kiroba katika mashamba mawili ya mkoa wa Pwani waweza kuwa aina mbili tofauti, na mkulima anayetafuta mbegu inayostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia ndiye anayeumia.

DNA ya mmea ndiyo huondoa utata huo, na hatua ya kwanza ni kuchuma jani changa kutoka mche mmoja tu na kulikausha upesi kwa chembe za silika, kwa sababu majani ya miche miwili yakichanganywa yatasomeka kama aina isiyokuwepo shambani. Chukua pia sampuli rejea kutoka kituo cha utafiti, kwa mfano TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Kibaha. Bila hiyo utaweza kutofautisha mimea, lakini hutaweza kuitaja kwa jina.

Pili, toa DNA kwa bufa ya CTAB, yaani kimiminika cha kupasua seli za jani, katika nyuzijoto 65, uisafishe kwa klorofomu, kisha uhakikishe kuwa uwiano wa 260/280, yaani kipimo cha usafi wa DNA kwa mwanga inaoufyonza, unakaribia 1.8.

Tatu, chagua alama za mikrosatelaiti, yaani sehemu ambamo herufi chache za DNA hurudiwa mara nyingi, na idadi ya marudio hutofautiana baina ya aina. Muhogo una jozi 18 za kromosomu, hivyo tawanya alama zako katika kromosomu mbalimbali. Baada ya PCR, yaani kuzalisha nakala nyingi za sehemu hizo, pima urefu wa vipande kwa jeli ya poliakrilamidi au mashine ya kapilari, ambazo hutenganisha vipande kwa urefu. Jeli ya kawaida ya agarosi haitenganishi vipande vinavyopishana kwa herufi mbili. Kila alama hutoa kipande kimoja au viwili. Ukiona vitatu, shuku kwanza uchafuzi.

Kutafsiri matokeo ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. Miche iliyooteshwa kwa pingili za aina moja hulingana katika alama zote, kwa hiyo tofauti katika alama kadhaa huthibitisha kwamba ni aina mbili. Tofauti ikiwa katika alama moja tu, rudia kazi tangu kutoa DNA. Kulingana, kwa upande wake, ni ushahidi dhaifu zaidi alama zikiwa chache, kwani aina zilizozaliwa na wazazi wale wale hufanana sana. Kwa sababu hiyo, jaribu kwanza alama zako kwa aina ndugu unazozijua, na zikishindwa kuzitenganisha, ongeza nyingine kabla ya kumpa mkulima jibu.