Somo: Kazi ya ekzosi kwenye gari la rali, kuanzia silinda hadi bomba la nyuma

Wengi wakitaka gari lingurume kama la rali wanakimbilia kukata sailensa. Kelele inakuja, nguvu haiji. Ekzosi ni sehemu ya injini, kwa hiyo tufuate moshi tangu unapozaliwa. Mfano wetu ni Subaru Impreza, gari alilolitumia dereva Colin McRae kushinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997.

Hatua ya 1: Silinda. Pistoni inashuka kuvuta hewa na mafuta, inapanda kukandamiza, plagi inawasha, pistoni inasukumwa chini, kisha inapanda tena kufukuza moshi. Moshi unaobaki unakula nafasi ya hewa mpya.

Hatua ya 2: Manifoldi, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kila silinda. Hapa ndipo penye ufundi. Moshi hutoka kwa mapigo. Kila pigo likifika kwenye maungio ya mabomba, wimbi la mvuto hurudi kuelekea kwenye valvu, yaani mlango wa silinda. Urefu wa bomba ukipimwa vizuri, mvuto huo hufika valvu ya kutolea ikiwa bado haijafunga na ya kuingizia imeshaanza kufunguka. Mabaki yanavutwa nje, hewa mpya inafuata. Ndiyo maana mabomba ya injini za mbio zisizo na turbo yamepindwapindwa: fundi anatafuta urefu sawa kwa kila silinda.

Hatua ya 3: Turbo. Moshi wa moto unazungusha pangaboi, nalo linazungusha jingine linaloshindilia hewa kwenye injini. Sheria za rali za wakati ule zilibana hewa inayoingia kwenye turbo ipite tundu la milimita 34 tu. Shida inakuja dereva akiachia pedali ya mafuta kwenye kona: turbo inapunguza mwendo wa kuzunguka. Dawa yake ni antilagi. Hewa inaachwa ipite kidogo, cheche ya plagi inacheleweshwa, mafuta yanamalizia kuungua ndani ya manifoldi na turbo inaendelea kuzunguka. Ile milipuko na ndimi za moto mnazoziona zinatoka hapo.

Hatua ya 4: Bomba la nyuma. Baada ya turbo, moshi upite bila kizuizi. Basi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, ule mngurumo wa Subaru unatokana na nini?*
Silinda zake zimelala, mbili kila upande, na zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Kwenye matoleo ya zamani yenye turbo, bomba la upande mmoja ni refu kuliko la pili, hivyo mapigo yanafika kwa vipindi visivyolingana. Ukifunga manifoldi ya urefu sawa, mngurumo ule unakwisha.

*Gari langu ni la cc 1500, halina turbo. Nikitoa sailensa nitapata nguvu?*
Si ya kuhisi barabarani. Anza na gaskiti ya manifoldi, ile inayoziba maungio yake na injini. Washa injini asubuhi ikiwa baridi, usikilize kama inagonga tik-tik-tik, kisha tazama masizi meusi kwenye maungio. Ikivuja, hewa inayoingia inaidanganya sensa ya oksijeni na kompyuta inaongeza mafuta bure.

*Fundi wangu anasema anaweza kunifungia antilagi kwenye gari la kwenda kazini.*
Ndugu yangu, nakusihi kataa. Joto lile linaua turbo na kupasua manifoldi. Timu za rali zinakuja na turbo za akiba na mafundi wa kuzibadilisha.