Kumtambua nzi wa maua anayekula vidukari wa kunde

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia afisa ugani wa Chamwino aliyetaka kujua ni nzi yupi anayewala vidukari weusi, Aphis craccivora, kwenye kunde. Tulianza kwa kumshuku Ischiodon aegyptius, nzi wa maua aliyeenea sana Afrika.

Hatua ya 1: Chukua buu, usimfukuze nzi. Nzi aliye kwenye ua hufuata mbochi na chavua. Buu asiye na miguu, aliye katikati ya vidukari, ndiye mlaji.

Hatua ya 2: Mfuge kwenye kikopo kilichofunikwa kitambaa chepesi, ukimpa vidukari kila siku hadi awe bundo, yaani hatua iliyo kati ya buu na nzi. Akitoka nyigu, buu wako alikuwa na kimelea. Anza na mwingine. Nzi akitoka, mwache rangi zikolee ndipo umtie kwenye friza.

Hatua ya 3: Mkague kwa lenzi inayokuza mara 10, ambayo mimi naiamini kuliko picha yoyote ya simu. Mshipa wa uongo unaopita katikati ya bawa bila kuungana na mishipa mingine huthibitisha kwamba yumo katika familia ya Syrphidae, yaani nzi wa maua. Kisha sukuma kichwa mbele taratibu kwa pini, kwa kuwa kisogo chake kilichobonyea hufunika mabega: yasipokuwa na nywele, yumo katika kundi la walaji wa vidukari. Macho yakiwa na nywele, mfikirie Betasyrphus, jenasi nyingine ya nzi hawa. Yakiwa matupu, na kifua kina ukingo wa manjano uliokolea kila upande, endelea. Usihukumu kwa upana wa mistari ya tumbo, kwani bundo lililokaa kwenye baridi, kama ile ya Juni na Julai, huweza kutoa nzi mweusi zaidi. Kinachoamua kama ni Ischiodon ni mguu wa nyuma wa dume, yaani yule ambaye macho yake yamegusana utosini: pingili ndogo ya pili kutoka kiwiliwilini ina kijiti kirefu butu. Jike hana kijiti hicho, kwa hiyo fuga mabuu kadhaa. Na mguu ukikauka ukiwa umekunjwa, mlaze nzi usiku kucha kwenye kopo lenye pamba yenye unyevu kabla ya kuukunjua, la sivyo utakatika.

Vijinzi vidogo vya Paragus, jenasi nyingine ya nzi wa maua, vitambue hadi jenasi tu, maana spishi zake nyingi huhitaji kupasua viungo vya uzazi vya dume.

Hatua ya 4: Andika lebo yenye mahali, tarehe, zao na aina ya kidukari, ukiambatanisha ganda la bundo. Ukitafuta maandiko, tafuta pia Simosyrphus aegyptius, kwani baadhi ya wataalamu humwita Ischiodon aegyptius hivyo.