Gari la Dizeli la Fowili Lililokwishatumika: Namna ya Kulikagua na Kulitunza

Anayenunua gari la dizeli linalovuta kwa magurudumu yote manne, lile tuliitalo fowili, hununua pia mazoea ya dereva aliyemtangulia: oili aliyochelewa kuibadilisha, mito aliyoivuka, na mara alizouona mshale wa joto ukipanda akaendelea na safari. Injini za dizeli husifiwa kwa ustahimilivu, na sifa hiyo ni ya haki, lakini ndiyo inayomponza mnunuzi, kwa kuwa injini iliyochoka huweza kuendelea kunguruma vizuri kwa miezi kadhaa kabla haijamdai mwenye gari madeni yake yote kwa mkupuo.

Kwa sababu hiyo gari hukaguliwa likiwa baridi. Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha ufungue boneti na kuigusa injini kwa kiganja. Ukiikuta ina vuguvugu, jua kwamba kuna jambo ambalo hakutaka ulione, nawe uahirishe ukaguzi hadi siku nyingine. Zungusha ufunguo, subiri taa yenye alama ya koili izimike, ndipo upige stata huku mwenzako amesimama nyuma akiutazama moshi. Moshi mweupe kidogo unaotoweka upesi si neno, hasa asubuhi yenye baridi. Ukiendelea kutoka ukiwa na harufu ya dizeli mbichi, kuna mafuta yasiyoungua, aidha kwa sababu mgandamizo wa silinda umepungua au nozeli, yaani vipulizio vya mafuta, zinamwaga badala ya kunyunyiza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito gari linapopanda mlima huonyesha kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa, na wakati mwingine dawa yake ni chujio jipya la hewa tu.

Injini ikiwa inanguruma polepole, fungua mfuniko wa kujazia oili na uweke mkono juu ya tundu lake. Mvuke hafifu ni wa kawaida. Ukisikia pumzi ya moto inayosukuma kwa mapigo na kukurushia matone ya oili kiganjani, basi gesi za mwako zinapenya kwenye ringi za pistoni, na injini hiyo inakaribia kufumuliwa. Baada ya hapo lala chini ya gari uigonge chesisi kwa mpini wa bisibisi, kwani chuma kizima hulia na kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya kufa. Chesisi iliyopakwa rangi nyeusi mpya siku chache kabla ya mauzo mimi huiogopa kuliko yenye kutu ya wazi.

Ukishalinunua, lichukulie kana kwamba halijawahi kuhudumiwa, hata kama umepewa daftari lililojaa mihuri. Watu wengi hubadilisha oili ya injini na kuridhika, ilhali gari la aina hii kwa kawaida lina mahali pengine panne panapohitaji oili: gia boksi, transfa inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, difu ya mbele na difu ya nyuma, yaani gia za kwenye ekseli zinazoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti. Kabla ya kulegeza nati ya kumwagia oili ya difu, hakikisha kwanza kwamba nati ya kujazia inafunguka. Niliwahi kufanya kinyume. Nilimwaga oili yote, kisha nikakuta nati ya juu imeshikana na kutu, na gari likalala juu ya mawe siku tatu. Katika gia boksi, fuata daraja la oili lililotajwa na mtengenezaji, maana baadhi ya oili kali za difu hudhuru sehemu za shaba nyeupe na shaba nyekundu zilizo ndani yake.

Itazame kwa makini oili inayotoka kwenye difu. Iliyozeeka huwa nyeusi, lakini yenye weupe wa maziwa imechanganyika na maji. Difu ikiwa imepata moto kwa mwendo mrefu, kisha ikatumbukia ghafla katika mto wa maji baridi, hewa iliyomo ndani hunywea na kuvuta. Ikiwa kipumulio chake, yaani kitundu cha kupitishia hewa, kimezibwa na tope, maji huvutwa kupitia sili za ekseli. Safisha vipumulio hivyo, na ikiwezekana uviunganishie mipira mirefu inayopanda hadi karibu na boneti. Kila baada ya kuvuka maji marefu, kagua oili za chini na upige grisi mpya kwenye viungo vya propela shafti.

Maji hayohayo ni adui wa mfumo wa mafuta. Kwa kuwa dizeli ni nyepesi kuliko maji, maji hutuama chini ya chujio, ambako magari mengi yana kikoki kidogo cha kuyatolea. Kifungue mara kwa mara juu ya chupa angavu, na ndani ya dakika chache utaona mstari unaotenganisha vitu hivyo viwili. Injini za kisasa hupuliza mafuta kwa msukumo unaozidi baa 1,000, hivyo tone la maji au chembe ya uchafu hukwangua nozeli kwa kasi kubwa. Pampu za zamani huvumilia zaidi, ingawa nazo huota kutu.

Joto nalo halisamehe, hasa kwa injini yenye silinda hedi ya aluminiamu, ambayo huweza kupinda au kupasuka hata ikizidiwa mara moja tu. Osha tope lililoganda kwenye rejeta, na utumie maji maalumu ya kupozea badala ya maji matupu ya bomba.

Kama injini ina mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa vali na wa pistoni, na hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe. Watengenezaji wengi huweka kikomo kati ya kilomita 100,000 na 150,000, na mkanda ukikatika, vali hugongana na pistoni. Taa ya onyo kwenye dashibodi isikuhadae, kwani katika baadhi ya magari fundi huweza kuizima bila kugusa mkanda wenyewe.

Kuhusu fowili yenyewe, yaani mfumo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, katika magari ambayo mfumo huo huunganishwa na dereva na hayana difu ya kati, ile inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, usiutumie kwenye lami kavu. Katika kona magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo, isipopata mahali pa kuteleza, hujikusanya ndani ya transfa na shafti hadi stiringi inakuwa nzito na kitu kinakatika. Hata hivyo usiuache mwaka mzima. Uunganishe walau mara moja kwa mwezi, uende kilomita chache kwenye barabara ya vumbi, ili oili ifike kwenye gia na sili zisikauke. Tairi zote nne ziwe za ukubwa mmoja na zilizolika kwa kiasi kimoja, kwa sababu ileile ya tofauti ya umbali.