Somo: Kukokotoa nusukipenyo cha kiini cha kuganda (alumini)

Swali hili limeulizwa mara nyingi mno, basi jibu lote nimeliweka hapa. Someni mpaka chini kabla ya kuuliza.

r* = 2γTm ÷ (L × ΔT)

Kiini ni kidonge cha kwanza cha kigumu ndani ya kimiminika. r* ni nusukipenyo cha chini kabisa cha kiini kinachoweza kukua, na ΔT ni digrii ambazo kimiminika kimepoa chini ya Tm.

1. Tm: alumini huyeyuka kwa 660°C, yaani 933 K.

2. γ, nishati ya mpaka kati ya kigumu na kimiminika: kadiria 0.1 J/m².

3. L, joto fiche, yaani joto linalotoka alumini ikiganda. Wengi huanguka hapa. Vitabu hutoa 397 kJ kwa kilo, na fomula inataka kwa mita ya ujazo. Zidisha kwa densiti, 2,700 kg/m³, upate 1.07 × 10⁹ J/m³. Ukisahau, kwa ΔT ya 10 utapata maikromita 47, na ukubwa huo utakushtua. Kosa baya zaidi ni kuandika 660 mahali pa 933: jibu hupungua kwa karibu asilimia 30 na bado lina sura ya ukweli. ΔT pekee haibadiliki, iwe selsiasi au kelvini, maana ni tofauti tu.

4. ΔT ikiwa 10, r* ni nanomita 17.4, ikiwa 100, ni 1.74.

Kilicho chini ya r* huyeyuka tena, kilichozidi hukua. Kiini cha nm 1.74 kina atomi kama 1,300, cha 17.4 kina zaidi ya milioni.

Mwanafunzi, Tudor: Maalim, nimepata 12.3. Fomula ina kosa?

Hapana. Umetumia 660. Rudi hatua ya 3.

Msomaji, Likoni: Mbona basi alumini ya kusubu sufuria huganda bila kupoa digrii 100 chini ya 660?

Swali zuri sana. Kiini hukaa juu ya ukuta wa kalibu au chembe ngeni. r* haibadiliki, ila kinachohitajika ni kipande tu cha tufe. Pembe ya mguso ikiwa 30°, kizuizi cha nishati, yaani nishati inayohitajika kuunda kiini, hubaki kama asilimia 1.3 ya kile cha kiini kisichoshika kitu.

Fundi, Changamwe: Punje (fuwele) za alumini yangu ni kubwa, kazi inapasuka. Nifanyeje?

Tia fimbo ya alumini yenye titani 5% na boroni 1%: gramu 10 hadi 20 kwa kilo 10, kwenye 720°C hivi. Koroga polepole kwa fimbo ya grafiti. Chuma kitupu huyeyukia ndani. Chembe za titani na boroni, ambazo viini hukaa juu yake, ni nzito, huzama. Ukichelewa kumimina, koroga tena.

Fundi, Changamwe: Shukran. Na vyuma chakavu vyenye zirkoni?

Viweke kando, ndugu yangu. Zirkoni huharibu kazi ya chembe hizo.