Sakafu ya chumba cha vifaranga: jinsi ya kuzuia joto lisipotelee kwenye beto

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku beto (zege) inakuwa baridi kweli. Kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi 32 hadi 34, naye analala chini kabisa. Wafugaji wanaongeza makala (mkaa) kila usiku, kumbe joto linapotelea sakafuni, zaidi pembezoni, pale beto inapogusana na ukuta wa nje. Kila anayeniita namwambia: pesa ikiwa kidogo, anzia pembezoni.

Naeleza chumba chenye beto tayari, kwa sababu wengi wanageuza depo kuwa chumba cha vifaranga.

Hatua ya 1: Hewa, kisha unyevu. Uliza majirani kama mtaa una mazuku, yaani hewa ya sumu inayotoka ardhini. Hewa hiyo ni nzito kuliko ya kawaida, inatulia mabondeni na mashimoni, na pua ya kifaranga iko sentimita chache tu juu ya sakafu. Kama mazuku yapo kwenye kiwanja, tafuta mahali pengine. Hata pasipo nayo, usichimbe sakafu ikawa chini kuliko uwanja wa nje.

Kisha laza kipande cha plastiki juu ya beto, mita moja kila upande, ziba kingo zote kwa skochi, uache siku nzima na usiku wake. Ukikuta matone upande wa chini, maji yanapanda kutoka ardhini. Plastiki ya hatua ya 3 basi si ya hiari.

Hatua ya 2: Mlango. Sakafu itapanda sentimita 11 hivi. Pima sasa kama mlango utafunguka bado, si baada ya kumwaga.

Hatua ya 3: Plastiki. Ziba nyufa, fagia mpaka kusibaki jiwe, laza plastiki nene. Vipande vipandiane sentimita 20, na kingo zipande ukutani sentimita 15.

Hatua ya 4: Frigolite. Hapa usiharakishe. Frigolite, lile povu jeupe jepesi la kufungia vyombo, inapitisha joto mara 30 hivi pungufu kuliko beto, lakini tafuta ile ngumu: ukiibonyeza kwa kidole gumba isibonyee kirahisi. Unene wa sentimita 5 unatosha. Ukitumia vipande vya kufungia televisheni, vikate viwe bapa, uweke tabaka mbili, na maungio ya juu yasiangukie ya chini.

Pesa isipotosha chumba kizima, weka ukanda wa mita moja kuzunguka kuta zote, na katikati ujaze kokoto nyepesi nyeusi za volkano, zile zenye matundu, zilizochekechwa vumbi. Hazizuii joto kama frigolite, ila matundu yake yanashika hewa, na huku kwetu zinapatikana kirahisi. Zishindilie vizuri zilingane na frigolite, beto isije ikakaa vibaya.

Simamisha ukanda wa frigolite wa sentimita 2 kati ya beto mpya na ukuta. Mafundi wengi wanauruka. Bila huo, joto linapita ubavuni, na sehemu ya kazi ya chini inapotea.

Usiguse frigolite na petroli wala rangi yenye tina, inayeyuka. Panya wanaitafuna na moto unaishika haraka, kwa hiyo isibaki wazi popote.

Hatua ya 5: Beto. Tandika plastiki nyingine juu, kisha wavu wa chuma ulioinuliwa kwa vijiwe. Simenti 1, mchanga 2, kokoto 3, maji kidogo, unene sentimita 6. Frigolite inaelea, kwa hiyo msaidizi akanyage ubao juu yake unapoanza kumwaga. Mwagilia siku 7, kisha subiri wiki tatu kabla ya kuwasha jiko.

Hatua ya 6: Joto. Tandaza maranda makavu, sentimita 8. Washa jiko siku moja au mbili kabla vifaranga hawajafika, uongeze joto polepole. Acha matundu ya hewa chini na juu ya ukuta: makala yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua watu na kuku, na mtu asilale humo. Pima joto kwenye maranda, si ukutani. Vifaranga wakijirundika, wanasikia baridi. Wakikimbilia kuta na kuhema, punguza makala. Kila wiki teremsha nyuzi 3 hivi.